Somo la Nne: Ruta Yako na Data Inayopita Ndani Yake



Somo hili linahusu kifaa ambacho watu wengi hukinunua, hukichomeka kwenye umeme, kisha hukisahau. Kifaa hicho ni ruta: kisanduku chenye taa ndogo kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma, iwe kwa kebo ya faiba au kwa laini ya simu, na kuigawa kwa vifaa vyote vilivyomo nyumbani, dukani au ofisini. Somo limeandikwa kwa ajili ya mtu asiye fundi, lakini mwenye dhamana ya kifaa hicho kwa sababu huduma imesajiliwa kwa jina lake.

Baada ya kulisoma, utaweza:

(a) kueleza jinsi data inavyosafiri na kazi ya ruta katika safari hiyo;
(b) kuutenga mtandao wako katika sehemu, ili tatizo la sehemu moja lisienee kwingine;
(c) kuandika kanuni za kuruhusu na kukataa, na kuzipanga kwa mfuatano ulio sahihi;
(d) kugawa uwezo wa laini yako ili shughuli muhimu zisikwame;
(e) kujua lipi ni la kumuuliza mtoa huduma, na lipi ni la kulifikisha kwa mamlaka.

1. Jinsi data inavyosafiri

Unapomtumia ndugu yako picha, picha hiyo haisafiri ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kwa kawaida pakiti moja haizidi baiti 1,500. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka na anwani ya inakokwenda, mithili ya bahasha ya barua. Ruta husoma anwani iliyo juu ya bahasha, hutazama jedwali lake la njia, kisha huikabidhi pakiti kwa ruta inayofuata. Hivyo ndivyo pakiti inavyotoka Mbeya hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kupitia mikongo ya baharini hadi ng'ambo, ikipokewa na kukabidhiwa mara nyingi katika muda ulio chini ya sekunde moja.

Zingatia jambo moja ambalo ndilo msingi wa somo zima. Kazi ya asili ya ruta ni kufikisha, si kuhukumu. Kwa yenyewe haitofautishi pakiti ya malipo ya dawa na pakiti ya mtu anayejaribu kufungua kamera yako kwa siri. Zote zina anwani, na zote zitapelekwa. Ukitaka ruta ibague, ni lazima iwe imeambiwa ibague nini. Usipoiambia wewe, itafuata maagizo iliyotoka nayo kiwandani, au yale yatakayowekwa na mtu mwingine aliyefanikiwa kuingia.

Vifaa vya ndani ya nyumba hutumia anwani za faragha, ambazo tangu mwaka 1996 zimetengwa rasmi kwa matumizi ya ndani tu. Anwani hizo ni zile zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zile zinazoanza na 192.168. Pakiti inapotoka kwenda intaneti, ruta hufuta anwani hiyo ya ndani na kuweka anwani ya nje iliyopewa na mtoa huduma. Matokeo yake ni kwamba simu ya mwanao, kompyuta ya mhasibu wako na simu ya mgeni uliyempa nywila ya waifai jana, vyote huonekana huko nje kwa anwani moja. Mtu akitenda kosa kupitia mtandao wako, uchunguzi utaanzia kwenye anwani hiyo, na kutoka hapo kwa jina lililosajili huduma. Jina hilo ni lako.

2. Mambo yaliyokwisha kutokea

Wapo wanaosema: "Mimi ni mtu mdogo, nani atanitafuta?" Matukio matatu yanatosha kuonyesha kwamba wahalifu wa mtandao hawatafuti mtu, bali hutafuta mlango ulio wazi.

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu kuingia katika ruta na kamera za ulinzi kwa kutumia orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, zipatazo sitini tu. Vifaa vilivyokubali viligeuzwa kuwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa hivyo viliamriwa kutuma pakiti kwa wingi kwa kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti nyingi. Kwa saa kadhaa watu wa Marekani na Ulaya walishindwa kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa. Wenye kamera zile hawakujua lolote, kwani ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Tukio la pili ni la programu iliyoitwa DNSChanger. Hii ilibadilisha, katika kompyuta na pia katika baadhi ya ruta, mahali pa kuuliza tovuti fulani inapatikana kwenye anwani ipi. Mtu aliandika jina sahihi la tovuti, akapelekwa kusiko. Wahusika walipokamatwa mwezi Novemba 2011, kompyuta zilizoambukizwa duniani zilikuwa zaidi ya milioni 4. Mahakama ya Marekani iliruhusu seva safi ziwekwe badala ya zile za wahalifu hadi tarehe 9 Julai 2012, ili watu wasikatikiwe na huduma ghafla kabla ya kusafisha vifaa vyao.

Tukio la tatu ni la mwezi Mei 2018, ilipogundulika kwamba programu haribifu iitwayo VPNFilter imeingia katika ruta zisizopungua 500,000 za nyumbani na za ofisi ndogo, katika nchi 54. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Hatua hiyo ilisaidia, lakini haikutosha, kwa kuwa sehemu ya programu hiyo ilibaki hata baada ya kuzimwa. Dawa kamili ilikuwa kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani, kusasisha programu yake ya ndani, na kubadilisha nywila.

Serikali nazo zimeanza kuchukua hatua. Uingereza, kwa mfano, ilianza tarehe 29 Aprili 2024 kutekeleza sheria inayopiga marufuku kuuza vifaa vya intaneti vya nyumbani vyenye nywila moja ya kiwandani inayokisiwa kwa urahisi. Hata hivyo, sheria ya muuzaji hailindi kifaa ambacho tayari kiko sebuleni kwako. Hicho kinakutegemea wewe.

3. Kanuni mama

Wataalamu wa mitandao wana kanuni moja ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuifuata bila kusomea ufundi: funga kwanza, kisha fungua kwa sababu. Maana yake ni kwamba hali ya kawaida ya mtandao wako iwe ni kukataa. Na kila unaporuhusu jambo, uweze kusema ni nani anaruhusiwa, kwenda wapi, na kwa kazi gani. Ukishindwa kujibu maswali hayo matatu, usifungue.

Kinyume chake ni kufungua kila kitu na kujaribu kuwazuia wabaya mmoja mmoja. Njia hiyo haina mwisho, kwa sababu wabaya wa kesho hujawajua leo, ilhali vifaa vyako na kazi zake unavijua vyote.

4. Hatua za mwanzo

Kabla ya kupanga kanuni zozote, timiza mambo yafuatayo. Yote hufanyika katika ukurasa wa usimamizi wa ruta, ambao hufunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo. Anwani ya ukurasa huo kwa kawaida imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa.

Kwanza, badilisha nywila ya msimamizi. Hii si nywila ya waifai. Ni ile inayofungua ukurasa wa usimamizi, na ndiyo iliyotumiwa na Mirai. Iwe ndefu, na isifanane na nywila yako nyingine yoyote.

Pili, sasisha programu ya ndani ya ruta. Mtengenezaji anapogundua kasoro hutoa toleo jipya. Ruta isiyosasishwa hubaki na kasoro inayojulikana kwa kila mtu. Kama mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya ruta yako, panga bajeti ya kununua nyingine.

Tatu, zima usimamizi kutoka nje, ambao kwenye kurasa nyingi huandikwa Remote Management. Hakuna sababu ya ukurasa wa usimamizi wa nyumba yako kufunguka mbele ya dunia nzima.

Nne, zima WPS, yaani njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba ya siri ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilibainika kwamba namba hiyo hukaguliwa kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Kwa hiyo mtu hahitaji majaribio milioni 100, bali yasiyozidi 11,000.

Tano, zima UPnP. Huduma hii huviruhusu vifaa vya ndani kujifungulia milango kwenye ruta bila kukuuliza. Televisheni au kamera iliyoambukizwa inaweza kuitumia kumkaribisha mtu wa nje.

Sita, chagua ulinzi wa waifai wa aina ya WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. Aina ya WEP iliachwa rasmi tangu mwaka 2004 na haifai kabisa.

5. Kuutenga mtandao: mfano wa nyumba ya wageni

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Mapokezi pana kompyuta ya kuandikisha wageni, printa na kifaa cha kupokelea malipo. Kuna kamera nne za ulinzi na kinasa picha kinachohifadhi picha zake. Wageni nao hupewa waifai. Katika nyumba nyingi za aina hii, vyote hivi hukaa kwenye mtandao mmoja wenye nywila moja, iliyobandikwa ukutani. Mgeni wa usiku mmoja, au mtu aliyeketi nje ya ukuta baada ya kupewa nywila hiyo, anaweza kuifikia kompyuta yenye namba za vitambulisho vya watu.

Suluhisho ni kuutenga mtandao huo katika sehemu tatu, kila moja na kundi lake la anwani:

Ofisi: anwani zinazoanza na 192.168.10
Wageni: anwani zinazoanza na 192.168.20
Kamera na kinasa picha: anwani zinazoanza na 192.168.30

Kila sehemu hupewa jina lake la waifai na nywila yake. Kifaa cha sehemu moja kikitaka kuongea na kifaa cha sehemu nyingine, ni lazima pakiti ipite kwenye ruta; na hapo ndipo ruta inapopata nafasi ya kuuliza na kukataa. Vifaa vilivyo katika sehemu moja huzungumza vyenyewe bila kupitia kwa mwamuzi. Hiyo ndiyo sababu ya kutenga: bila mpaka, hakuna mahali pa kuweka mlinzi. Kwa sababu hiyo hiyo, katika sehemu ya wageni washa pia kipengele kinachozuia kifaa cha mgeni mmoja kukiona cha mgeni mwingine.

Ruta nyingi za nyumbani huwa na sehemu mbili tu: mtandao mkuu na mtandao wa wageni, unaoandikwa Guest. Hata hizo mbili zinasaidia sana. Weka simu na kompyuta zako kwenye mtandao mkuu. Wageni, televisheni na vifaa vingine usivyovisasisha viende kwenye mtandao wa wageni. Anayehitaji sehemu tatu au zaidi amuulize fundi ruta yenye uwezo wa VLAN, yaani wa kuigawa ruta moja katika mitandao kadhaa isiyoonana.

6. Kuandika kanuni na kuzipanga

Sehemu ya ruta inayokagua pakiti na kuamua ipite au isipite huitwa fayawoli. Hufanya kazi kwa orodha ya kanuni. Kwa nyumba yetu ya wageni, orodha inaweza kuwa hivi:

Kanuni ya 1: Kutoka Wageni kwenda Ofisi – kataa.
Kanuni ya 2: Kutoka Wageni kwenda Kamera – kataa.
Kanuni ya 3: Kutoka Wageni kwenda ukurasa wa usimamizi wa ruta – kataa.
Kanuni ya 4: Kutoka Wageni kwenda kokote kwingine – ruhusu.
Kanuni ya 5: Kutoka Ofisi kwenda kinasa picha – ruhusu.
Kanuni ya 6: Kutoka Ofisi kwenda intaneti – ruhusu.
Kanuni ya 7: Kutoka Kamera kwenda kokote – kataa.
Kanuni ya 8: Kutoka intaneti kwenda ndani – kataa.
Kanuni ya 9: Mengine yote – kataa.

Katika ruta nyingi, orodha husomwa kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua. Zinazofuata hazisomwi tena kwa pakiti hiyo. Kwa hiyo mfuatano una uzito sawa na maneno yenyewe. Tuseme fundi ameihamisha kanuni ya 4 na kuiweka juu kabisa. Pakiti ya mgeni inayoelekea kwenye kompyuta ya mapokezi italingana nayo, kwa kuwa "kokote" hapo juu hujumuisha na ofisi. Itaruhusiwa, na kanuni ya 1 haitasomwa kamwe. Ukiitazama orodha utaiona kanuni ya kukataa imeandikwa, nawe utaamini umelindwa, kumbe mlango u wazi. Kanuni mahususi ziwe juu. Za jumla ziwe chini. Na ya mwisho iwe kukataa.

Msomaji makini atauliza: kama kanuni ya 8 inakataa kila kinachotoka intaneti, majibu ya tovuti yatarudi vipi? Fayawoli za kisasa hukumbuka mazungumzo yaliyoanzishwa kutoka ndani. Kompyuta ya ofisi ikiomba ukurasa, jibu la ombi hilo hupokelewa. Pakiti isiyoombwa na mtu yeyote ndiyo inayokataliwa. Kumbukumbu hiyo hiyo huiwezesha ofisi kupokea picha kutoka kwenye kinasa, ingawa kanuni ya 7 inakizuia kinasa kuanzisha mazungumzo.

Vipi mwenye nyumba akitaka kuzitazama kamera akiwa safarini? Wengi hushauriwa wafungue mlango kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye kinasa. Usikubali haraka, kwani mlango huo utaonekana na dunia nzima, si na wewe peke yako. Njia iliyo salama zaidi ni VPN, ambapo simu yako kwanza hujitambulisha kwa ruta, kisha husafiri ndani ya njia iliyofichwa kana kwamba uko ofisini.

Ukimaliza, jaribu. Unganisha simu yako kwenye mtandao wa wageni. Jaribu kufungua tovuti ya kawaida: inapaswa kufunguka. Jaribu kufungua ukurasa wa usimamizi wa ruta, kisha kinasa picha, kisha printa ya ofisi: vyote vinapaswa kukataa. Rudia jaribio hili kila baada ya kusasisha ruta au kubadilisha kanuni, kisha andika tarehe na mabadiliko katika daftari.

7. Kugawa uwezo wa laini

Ulinzi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba kinachoruhusiwa kupita hakimkwamishi mwenzake.

Tuseme laini ya nyumba ya wageni ina uwezo wa megabiti 20 kwa sekunde za kupokea na 10 za kutuma. Kamera moja inayotuma picha nje ya jengo saa zote kwa megabiti 2 kwa sekunde hutuma megabiti 172,800 kwa siku, ambazo ni gigabaiti 21.6. Kwa mwezi wa siku 30 hufikia gigabaiti 648, kwa kamera moja tu. Anayetumia bando ataelewa papo hapo limekwenda wapi. Kamera zikiwa nne, zinachukua megabiti 8 kati ya 10 za kutuma, na kubakiza 2 kwa ajili ya jengo zima. Hapo hata kupokea kutapungua kasi, kwa kuwa kila data inayopokelewa hudai taarifa ndogo ya kuthibitisha irudishwe, na taarifa hizo zinasubiri foleni nyuma ya picha. Mteja anasimama mapokezi, malipo hayakamiliki, na lawama inamwendea mtoa huduma. Kanuni ya 7 hapo juu inaondoa tatizo hili: picha zinabaki kwenye kinasa, na hutoka tu mwenye nyumba anapozihitaji.

Baada ya hapo, gawa kilichobaki. Weka ukomo wa jumla kwenye ruta ulio chini kidogo ya uwezo wa laini, karibu asilimia 90: yaani 18 za kupokea na 9 za kutuma. Huku si kupoteza. Laini ikijazwa mpaka ukingoni, foleni hujengeka kwenye vifaa vya mtoa huduma, ambako huna amri juu yake. Ukiweka ukomo wako chini kidogo, foleni hujengeka kwenye ruta yako, nawe ndiwe unayeamua nani atangulie.

Kisha weka ukomo wa wageni kuwa 12 za kupokea na 5 za kutuma. Ofisi ibaki na uhakika wa 6 na 4. Toa kipaumbele kwa kifaa cha malipo na kwa simu za sauti, ambazo hutumia data kidogo lakini huharibika kwa kucheleweshwa. Filamu inaweza kusubiri sekunde mbili bila mtazamaji kutambua. Sauti ya mtu haiwezi.

8. Dhana zinazopotosha

"Anwani za faragha zinanilinda." Zinasaidia, lakini si ulinzi uliokusudiwa. Zaidi ya hayo, mtandao unahamia kwenye anwani za kizazi kipya, IPv6, ambapo kila kifaa cha ndani kinaweza kuwa na anwani yake ya kudumu inayofikika kutoka nje. Hakikisha fayawoli ya ruta yako imewashwa kwa anwani za aina zote mbili.

"Nimelificha jina la waifai yangu." Jina lililofichwa bado husikika kwa programu za kawaida za kupimia mawimbi. Nywila imara ndiyo kinga.

"Tovuti ina alama ya kufuli, basi niko salama." Kufuli huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Halikuhakikishii kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu.

"Nimeizima na kuiwasha, imepona." Kama unashuku ruta imeingiliwa, kwa mfano tovuti unazozijua zinafunguka kwa sura ngeni au nywila ya msimamizi inakataa bila wewe kuibadilisha, irudishe katika hali ya kiwandani, isasishe, weka nywila mpya, kisha ndipo urudishe kanuni zako kutoka kwenye daftari.

9. Haki na wajibu

Ruta hukupa uwezo wa kuona mengi: ni kifaa gani kimeunganishwa, saa ngapi, na mara nyingi tovuti kilizotembelea. Uwezo huo una mipaka. Katika Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu mwingine kinyume cha sheria, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na kusudi halali na azitunze kwa usalama. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuzuia na kuweka ukomo; hana ruhusa ya kupekua anachosoma mgeni wake. Waandikie wageni tangazo fupi linaloeleza ni taarifa gani mtandao unahifadhi na kwa muda gani.

Kwa upande wako, una haki ya kumuuliza mtoa huduma: nywila ya msimamizi wa ruta anayoimiliki nani, nani anaisasisha, na lini mara ya mwisho, anwani yangu ya nje ni yangu pekee au inashirikiwa na wateja wengine, na kasi niliyoilipia ni ipi katika kupokea na katika kutuma. Jibu liwe kwa maandishi. Usiporidhika na utatuzi wa lalamiko lako, lifikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ukiambatanisha kumbukumbu za mawasiliano yenu. Tukio la uvamizi wa kimtandao liripotiwe kwa timu ya taifa inayoshughulikia matukio hayo, TZ-CERT, iliyo chini ya mamlaka hiyo hiyo. Na palipotendeka jinai, kwa polisi.

10. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Duka la dawa lina kanuni mbili tu: ya kwanza, "Wote kwenda kokote – ruhusu", ya pili, "Wageni kwenda kompyuta ya dawa – kataa". Je, wageni wamezuiwa?
Jibu: Hapana. Kanuni ya kwanza inalingana na kila pakiti, hivyo ya pili haisomwi. Zibadilishwe mfuatano, na kanuni ya jumla ipunguzwe iwataje wanaohitaji tu.

Swali la 2. Kamera mbili zinatuma megabiti 1 kwa sekunde kila moja, usiku na mchana. Zinatumia data kiasi gani kwa siku?
Jibu: Kila moja gigabaiti 10.8, jumla gigabaiti 21.6.

Swali la 3. Fundi anakuomba awashe usimamizi kutoka nje "ili asisumbuke kuja". Utamuuliza nini?
Jibu: Nani ataingia, kutoka wapi, na kwa kazi gani. Kama jibu ni "mimi, kutoka kokote, kwa lolote litakalotokea", mwambie aje.

Swali la 4. Umeuza ruta yako ya zamani. Ulipaswa kufanya nini kabla ya kuikabidhi?
Jibu: Kuirudisha katika hali ya kiwandani, ili nywila zako, anwani na orodha ya vifaa vyako visiende pamoja nayo.